Jumapili Tuliyocheza Juu ya Watu

Kwanza nikiri: mimi ni mwoga. Watu wakisikia kwamba nilikuwa katibu wa Kamati ya Upendo na Haki ya kanisa letu, wanadhani kifuani nina simba. Nina kuku, tena kuku wa Jumamosi, anayejua kwamba kesho nyumbani kuna wageni.

Ukatibu nilipewa kwa sababu moja tu, nilikuwa nimemaliza shule ya jioni. Diploma yangu niliipata katika umri ambao wenzangu tayari wanabeba wajukuu mgongoni. Na mtaani kwetu Kolwezi, nyuma kidogo ya Kasulo, mwenye diploma ndiye anayeandika kila kitu: barua ya posa, barua ya kumwomba mke msamaha, hata barua ya kumwonya mwizi wa mabata.

Kamatini tulikuwa sita. Watano wa kanisa, na wa sita Mwislamu, mzee mwenye lori, ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Tulimwita Hadji. Siku alipokuja kujiunga, shemasi wetu alimtazama kwa mashaka, naye Hadji akasema, "Tata, baba yangu, nyumba ikipasuka haiulize unasali wapi. Na yangu imepasuka."

Nyumba zetu zilipasuka kwa sababu ya mashimo. Chini ya vyumba vyetu kuna madini, na vijana kutoka kila pembe ya Kongo, tunaowaita bakrezere, wanashuka kwa kamba na kuyafuata kama panya anavyofuata unga. Kazi ya kamati ilikuwa kuwatetea wenye nyumba zinazodidimia, na kuwatetea pia vijana hao ambao kila mtu anawafukuza na kila mtu anawauzia chakula. Kumpenda mwenye nyumba na kumpenda anayechimba chini ya kitanda chake, kwa siku moja, kwa moyo uleule! Jaribu wewe. Tulitembelea familia, tulisimama na watoto na sufuria mbele ya ofisi ya komini, serikali ya mtaa, tukiimba, na mimi niliandika barua ndefu kuliko barabara ya Likasi.

Sasa uoga wangu. Kama mwezi mmoja kabla ya Jumapili hiyo, niliona turubai la rangi ya chungwa uani kwa jirani wa kanisa. Hapa Kolwezi hakuna asiyejua turubai kama hilo linafunika nini: shimo la madini. Lakini mwenye kiwanja ana ndugu mwenye sare, na ndugu huyo ana bunduki, na bunduki hiyo nimeiona ikinywa bia pamoja naye mezani. Katika barua ya kamati niliorodhesha mashimo yote ya mtaa. Hilo sikuliandika. Nilijiambia nitaliweka katika barua itakayofuata.

Jumapili ikafika. Mchungaji alikuwa Likasi kufungisha ndoa, na shemasi akashika ibada. Tulifika kwenye sadaka, na sadaka kwetu haitolewi kwa kutembea. Ngoma inalia, gita linalia, na kila mtu anacheza kutoka kwenye benchi lake mpaka mbele. Kwaya yetu haichezi, inatwanga. Sakafu ilikuwa mpya, simenti laini, mchanga wake tuliubeba wenyewe vichwani. Mimi peke yangu nilibeba ndoo elfu moja, na shingo yangu haijarudi mahali pake mpaka leo.

Ngoma ilipopumzika kidogo, tukasikia kitu.

Ko, ko, ko.

Kilitoka chini. Mpiga ngoma akadhani ni mwangwi wa ngoma yake, akakijibu. Ko, ko, ko, kikarudi. Mama mmoja mzee wa mstari wa mbele akarusha mikono juu.

"Njo Mungu huyu, ni yeye! Leo anatujibu!"

Basi! Hukuwahi kuona watu wakicheza namna ile. Hata waliokuja na miguu inayouma walisahau miguu yao. Kila tulipotulia ili tusikie, kulikuja ko, ko, ko, nasi tukatwanga kwa nguvu zaidi, tukimshukuru Mungu kwa kutubishia. Nami nilitwanga. Niliruka juu kama mbuzi aliyekanyaga moto, diploma na yote.

Nyuma kabisa alikaa mama kijana, mke wa mchimbaji mmoja, ananyonyesha. Nilimwona anasimama, mtoto bado kifuani, anatikisa kichwa. Kisha akapiga kelele iliyokata gita katikati.

"Munyamaze! Munyamaze bote! Hiyo haiko Mungu, ni bantu!"

Tukasimama jinsi tulivyokuwa, wengine mguu mmoja hewani.

"Banapiga tatu, bananyamaza, tatu," akasema. "Njo wanavyopiga kama udongo imefunga njia. Bwana yangu alinionyesha. Beko chini yetu. Na siye tunabakanyaga."

Ko, ko, ko.

Hapo ndipo tuliuona mstari kwenye simenti, mwembamba kama unywele, unatoka mimbarini mpaka katikati ya akina mama. Sote tulifikiri jambo lilelile kwa pamoja, nami niliona lilivyopita usoni mwa kila mtu: kama wao wako chini, basi chini yetu hakuna kitu.

Watu mia mbili walitaka kukimbia. Shemasi akainua mikono. Mtu ambaye kila Jumapili anapaza sauti, siku hiyo aliongea kama anayembembeleza mtoto alale. "Pole pole, batoto ya Mungu. Muvue biatu. Mutoke mumoja mumoja. Asiruke mutu."

Tukavua viatu. Walitoka kwa kunyata, wazee wakishikiliwa makwapani, watoto wakifunikwa midomo, na mlangoni hakuna aliyesukumana. Tulibaki kama thelathini, kwaya na wanaume wenye mikono ya kazi. Mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye mstari wa kutoka, sitaficha. Shemasi ndiye aliyenishika mkono.

"Tuite polisi?" akaniuliza.

"Polisi itakuya," mama kijana akajibu kabla yangu. "Itafunga bale batatoka, kisha itafunga shimo. Bale habajatoka je?"

Shemasi akanigeukia. "Mama katibu, kamati inasema nini?"

Kamati ilikuwa inatafuta choo. Nilijua vizuri kwamba tukitoboa sakafu, njia inayotoka chini ya turubai itafichuka, mwenye turubai atajua ni sisi, na ndugu yake atajua ni sisi, na jina la katibu linajulikana kwa kuwa liko chini ya kila barua. Nilifungua mdomo niseme tumsubiri mchungaji. Wakapiga tena, na safari hii niliusikia mpigo kwenye unyayo wangu mtupu. Ulikuwa pale pale chini yangu, kama mtu anayenigonga kisigino kwa kidole.

"Tutoboe," nikasema.

"Simenti ya Mungu?" akauliza mzee mmoja, karibu alie.

"Mungu hana simenti, tata. Simenti ni ya siye."

Hadji anakaa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Mtu alikimbia kumwita, akaja na kamba ya kufungia mizigo na mtaimbo, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, kama anavyofanya msikitini kwake. Walianza kupasua mbele ya mimbari. Nyundo haikuwezekana, ingeshtua udongo. Walichokonoa kwa ncha ya mtaimbo, kipande baada ya kipande, wakiwa wamelala kwa matumbo ili uzito usikae mahali pamoja. Sisi kwaya tulikaa kando ya ukuta tukiimba kwa sauti ya chini, ili walio chini wajue kwamba hatujawaacha.

Kisha mipigo ikanyamaza. Shemasi alilaza sikio sakafuni. Hakuna. Alinitazama, akainua mabega. Nikaendelea kuimba, lakini sijui nilikuwa naimba nini. Nilikuwa nahesabu siku nilizoliona lile turubai na kupita.

Mtaimbo ukazama ghafla mpaka mkononi mwa Hadji. Pumzi ya moto ikatoka, ina harufu ya udongo na jasho. Kisha zikatoka kucha nne na kidole gumba.

Walikuwa wanne, wote vijana, wote rangi moja ya majivu. Wa kwanza alikaa sakafuni akikohoa kwa muda mrefu. Alipopata pumzi, alitutazama sisi wanakwaya katika majoho yetu ya zambarau.

"Ni nyie mulikuwa munacheza?"

Akajifuta udongo machoni.

"Tulipiga, mukaruka. Tulipiga tena, mukaruka zaidi. Udongo ilikuwa inatuangukia kwa kichwa. Tukasema, hawa bantu banafurahia nini?"

Nilitaka sakafu inimeze, na siku hiyo sakafu ilikuwa tayari kabisa kunimeza.

Hatukupata hata muda wa kuwanywesha maji vizuri. Mwanamume aliyekuwa akichungulia dirishani akageuka. "Polisi beko kwa jirani, kwa turubai. Gari mbili."

Mlango wa kanisa ni mmoja. Mara ya mwisho watu wenye sare walipochukua vijana mtaani kwetu, wawili walirudi wakichechemea na mmoja bado tunamngoja. Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka tu mama mzee, yuleyule wa Mungu-anatujibu, akilowesha kitambaa chake cha kichwa na kumsugua kijana uso mpaka masikio, kama anaosha sahani. Wanakwaya wanne wa kiume wakavua majoho. Kabla hujasema haleluya, tulikuwa na waimbaji wanne wapya, macho mekundu, wamesimama mstari wa nyuma. Miguu yao ilikuwa na udongo, lakini sote tulikuwa pekupeku, na sote tulikuwa tumekanyaga kifusi.

Afisa aliingia na askari wawili. Alilitazama tundu, akaitazama kamba, akatutazama.

"Nani mukubwa hapa?"

Vichwa thelathini vikanigeukia. Eti umoja wa Wakristo!

"Hii ni nini?"

"Sakafu imebomoka, tata. Njo mambo tunayoandikia barua kila mwezi." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbu. "Juu ya hayo mashimo."

"Bakrezere beko wapi?"

Sijawahi kuogopa hivyo, hata nilipojifungua mapacha. Kusema uongo kanisani, au kuwasaliti watu wanne? "Bote unabaona hapa, tata, ni bantu ya Mungu."

Alinitazama muda wa kutosha kupika maharagwe. Mstari wa nyuma mtu akakohoa, kikohozi kile kikavu cha mavumbi. Mama mzee akaanza wimbo papo hapo ili kukifunika, nasi tukadakia. Afisa akazungumza na askari wake. Akatoka, lakini wale wawili aliwaacha na gari moja kwenye njia ya kwenda barabarani.

Tuliimba wimbo uleule mpaka sauti zikakauka, kwa sababu wimbo ukiisha ibada imeisha, na ibada ikiisha inabidi kutoka. Hadji ndiye aliyekata shauri. Lori lake lilikuwa barabarani na magunia ya chumvi ya kwenda Dilolo, mpakani na Angola. Alisema angeliwasha na kusubiri. Vijana watoke na wanawake, mmoja mmoja, kama mume na mke wanaorudi nyumbani.

"Nani anaanza?"

Vichwa vilevile, upande uleule.

Nilimshika mkono kijana aliyetoka shimoni wa kwanza. Umri wake ni wa mwanangu wa tatu. Tulitembea. Hatua arobaini, nami nilizeeka mwaka kwa kila hatua.

"Mama, huyu ni nani?" askari akauliza.

"Bwana yangu."

Askari alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama yeye tena. "Mama! Ulimupata wapi huyu?"

"Nilifunga na kuomba, tata. Siku makumi ine."

Akacheka mpaka akaegemea gari. Mwenzake hakucheka. Alitazama miguu ya kijana, kisha yangu. Nikahisi mkono niliokuwa nimeushika unaanza kujivuta, kijana anataka kukimbia. Nilimbana kwa kucha. "Tembea," nikamwambia kwa meno yaliyofungwa, "tembea kama mutu ako na njaa na chakula iko tayari." Tukapita. Hakuna aliyeita. Nyuma ya lori Hadji alimsukuma juu ya magunia na kumfunika, na mimi nikashikilia tairi.

Wote wanne walifika Dilolo, nasikia mmoja bado yuko huko anauza mafuta ya taa. Lakini pale kwenye tairi sikuwa na namna ya kujua.

"Bado batatu," akasema Hadji.

"Mi sirudie, Hadji. Roho imetoka."

"Sawa." Alikaza kamba, hakunitazama. "Lakini bale bamama beko mulangoni banakuangalia. Ukikaa huku, watafikiri umekamatwa. Hakuna atatoka."

Niligeuka. Kweli, walikuwa mlangoni, mama mzee mbele, amemshika wa pili kiwiko. Kati yetu walikuwepo askari wawili. Nikafuta mikono kwenye joho, nikarudi kwa njia ileile. Yule asiyecheka akaja katikati ya njia.

"Unarudi tena, mama? Bwana umemuacha wapi?"

"Nyumbani, tata," nikasema. "Ninakuya kuchukua shemeji."