Kumpiga Picha Baba Mkwe Kutoka Mlango wa Jikoni

Kamera ilikaa miezi mingi kabatini kwetu Tunduma bila lenzi. Ni kamera kubwa ya mbao, inayotumia filamu moja moja, kila moja pana kama kiganja. Mume wangu aliikuta kwenye duka la vitu vilivyotumika upande wa Zambia, akaninunulia kwa sababu nilikuwa nimemchosha kwa kuizungumzia. Mbele, mahali pa lenzi, palikuwa na tundu tupu.

"Kamera yako kipofu," alikuwa akiniambia kila akifungua kabati kutafuta shati. "Inunulie jicho, la sivyo nitaifugia vifaranga."

Sikuweza kuamua. Sijafundishwa na mtu kupiga picha. Ninachojua nimekipata kwenye video za simu, na mtu wa namna yangu akijifunza peke yake hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Mmoja anasema lenzi ya kwanza iwe ya milimita mia moja na hamsini, kwa kuwa inaona karibu sawa na jicho linavyoona. Mwingine anasema anza na mia mbili na kumi, itakuvuta karibu na mtu. Nilikuwa nikiamka nimeshachagua, na kabla chai haijapoa nimeshaghairi. Niliogopa kununua moja halafu nigundue kwamba ile nyingine ndiyo ilikuwa yangu.

Aliyenilazimisha kuamua ni baba mkwe. Anaishi Mbebe, kule Ileje. Sebuleni kwake kuna picha ya marehemu baba yake, iliyopigwa zamani na mpiga picha mpita njia aliyekuwa na sanduku kama langu. Imekolea kiasi kwamba unaona nyuzi za kola ya shati. Aliposikia kwamba mke wa mwanawe ana sanduku la namna hiyo, alimtuma mama mkwe aniambie anataka na yeye ya kwake, itundikwe pembeni ya ile.

Alimtuma mama mkwe kwa sababu mimi na baba mkwe hatuongei ana kwa ana. Mimi ni Mnyiha wa Isansa, na nyumbani kwetu adabu ya ukwe imelegea. Kwa Wandali wa nyumba ya mume wangu bado ipo. Simtazami baba mkwe usoni, sipiti mbele yake, sikai naye chumba kimoja. Akiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa nyuma. Hakuna ugomvi ndani yake. Nadhani ananipenda; huweka ndizi mbivu karibu na jiko, hukohoa ili nijue, kisha huondoka.

Sasa huyo ndiye niliyetakiwa kumtazama kwa makini kuliko nilivyowahi kumtazama mtu yeyote. Nikikosea, wifi zangu wangesema mke wa kaka yao hana heshima, na neno kama hilo halifutiki kirahisi.

Mume wangu akaona jambo jepesi. "Nitabonyeza mimi. Wewe kaa jikoni unielekeze."

Nilikataa. Nilimwambia hajui kuweka picha sawasawa kwenye kioo cha nyuma ya kamera, na ni kweli hajui, lakini hata angejua ningekataa. Nilitaka picha hiyo iwe yangu.

Tulipokwenda Mbebe kusalimia, nilibeba kipande cha boksi nilichokitoboa tundu la ukubwa wa filamu. Ukikishika mbele ya jicho moja, umbali wa sentimita kumi na tano, unaona kile ambacho lenzi ya mia moja na hamsini ingeona. Ukikisogeza mpaka ishirini na moja, unaona cha ile ya mia mbili na kumi. Jiko lao ni kibanda kinachotazamana na baraza la nyumba kubwa, ua ukiwa katikati. Nilisimama ndani ya mlango wa jikoni na boksi langu. Baba mkwe alikuwa barazani akimenya muwa.

Kwa kumi na tano alikuwa mdogo, bati lote likionekana juu yake, na rundo la kuni, na mbuzi. Ili awe mkubwa ningelazimika kusogea hadi katikati ya ua, mbele ya uso wake. Kwa ishirini na moja alijaa vizuri, yeye na benchi na ukuta.

"Unamchungulia baba yako na boksi?" Mama mkwe alikuwa nyuma yangu na sufuria.

"Napima, mama."

"Unapima nini?"

Nikamweleza. Na kwa kuwa nikiwa na wasiwasi huwa naeleza kupita kiasi, nikamwambia pia kwamba kwenye kioo cha kamera mtu huonekana kichwa chini.

"Kichwa chini?"

"Miguu juu, mama."

Aliketi kwenye kigoda akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. "Yesu wangu! Mzee mzima miguu juu! Na yeye anajua?"

"Asijue, mama, tafadhali."

"Nakwenda kumwambia sasa hivi."

Akaenda kweli. Nilijibanza nyuma ya mlango nikisikia Kindali chao. Halafu kikaja kicheko cha baba mkwe, ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia. Mama mkwe akarudi.

"Anauliza, hela za mfukoni hazitamwagika?"

Kwa hiyo lenzi ikajulikana, ni ya mia mbili na kumi, ila haikunituliza. Muuzaji wa Dar niliyekuwa nikiwasiliana naye alikuwa nazo zote mbili. Ya mia moja na hamsini ilikuwa safi kabisa. Ya mia mbili na kumi ilikuwa na mkwaruzo kwenye kioo cha mbele.

"Mkwaruzo huo hauonekani kwenye picha, dada," alinitumia sauti.

Nikamjibu, "Lakini mimi nitajua upo."

"Basi mbovu ni wewe dada'angu, lenzi haina tatizo."

Nililala nikiliwaza hilo. Asubuhi nilimwambia atume yenye mkwaruzo, kisha nikazima simu nisije nikabadili.

Siku ya kupiga, baba mkwe alivaa koti na kuketi barazani. Kamera niliisimamisha ndani ya mlango wa jikoni. Nikajifunika kitambaa cheusi na kumwona, miguu juu, makovu ya mikono, kidevu kilichonyolewa kwa haraka. Niliweka sawa macho yake. Kila kitu kilikuwa kama nilivyopanga.

Halafu nikakumbuka. Ili filamu iingie, picha kwenye kioo lazima iondoke, na mpiga picha lazima atoke kwenye kitambaa, asimame pembeni ya kamera, abonyeze waya wa kufyatulia. Katika video zote wanasimama hivyo, wakimtazama mtu na kumwambia atabasamu. Nilikuwa nimewaona mara nyingi na sikuwa nimefikiria hata kidogo.

Nilitoa kichwa. Baba mkwe akainamisha uso papo hapo. Nikarudi ndani ya kitambaa, akainua. Nikatoka, akainama. Mume wangu, pale uani, alishika kiuno akicheka bila sauti.

Mama mkwe ndiye aliyefungua kitenge chake cha juu. Alikishika kwa mikono miwili kati yangu na ua, kamera ikichungulia pembeni yake. Nikasimama nyuma ya maua ya kitenge na waya mkononi. Sikuona chochote.

"Anatazama?" nikauliza.

"Anatazama."

Nikabonyeza.

Filamu niliisafisha kwetu Tunduma. Upande mmoja, kwenye ukuta, kuna weupe kidogo ambao nadhani umetokana na mkwaruzo. Mume wangu anasema ni jua. Macho yamekaa sawa. Anatazama moja kwa moja, kama anavyomtazama mtu yeyote asiye mkwe wake.

Picha tuliituma Mbebe kwa basi dogo la Itumba. Mama mkwe akapiga simu. Imetundikwa, akasema, na mzee anataka nyingine, safari hii asimame na ng'ombe wake wote, na mimi nibaki palepale jikoni.

Kwa lenzi hii ng'ombe hawaenei. Ningelazimika kurudi nyuma hadi nitoboe ukuta wa jiko. Jana nilimwandikia muuzaji wa Dar kumuuliza kama ile ya mia moja na hamsini bado ipo.