Kifungo Chekundu Nilichomuongezea Mama Feza

Haya ninayowaambia leo, mke wangu mwenyewe aliyasikia kwa majirani, maana mimi niliona aibu hata kuyataja nyumbani, lakini sasa nimezeeka, na aibu nayo imezeeka pamoja nami, basi sikilizeni.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru wa Kongo, Kalemie ingali inaitwa Albertville, nami nilikuwa karani katika biro moja, ofisi ya mizigo karibu na reli. Treni za kutoka upande wa Nyunzu, kwenye vita, zilifika siku zilipotaka, na pengine zilifika na mabehewa matupu, milango wazi, viatu vimebaki chini ya viti, na hakuna aliyeuliza wenye viatu wako wapi.

Padri wa parokia yetu alikuwa na mashine ya sinema na kamera ndogo, akatangaza kwamba atatengeneza filme fupi na watu wa mji. Kila mwenye hadithi ailete kwa fraze moja, sentensi moja tu: ni nani, anataka nini, na kitu gani kinamzuia. Kwa kuwa nilijua Kifaransa na kupiga mashine ya kuandikia (na nilikuwa na kravati mbili, tai za shingoni), akanipa mimi kazi ya kuzichambua na kuzitengeneza. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Papa Kalenga, fundi wa nguo, alileta hivi: "Kuna tajiri na kuna masikini." Nikamwambia, "Papa, hiyo ni picha ya ukutani. Watu hao wanafanya nini?" Akafikiri sana, akasema, "Wanasalimiana." Nikakaa naye mpaka masikini akawa fundi anayemshonea tajiri suti ya arusi, ya kumuoa binti ambaye fundi mwenyewe anampenda, na fraze ikasimama kwa miguu yake. Papa Kalenga alinisifu mtaa mzima, nami nikaamini kila neno.

Kisha akaja Mama Feza, muuza samaki wakavu, akanipa ya kwake kwa mdomo: "Mwanamuke anamungojea bwana yake, alienda na treni."

Nikamwambia kungojea si kitendo, watu watasinzia.

Akajibu polepole, "Lakini njo ile anafanya, kungojea tu."

Ingefaa nimuulize mwanamke huyo ni nani. Sikuuliza. Nilikaa mezani nikaandika: "Mwanamke anayemngojea mumewe anaona sokoni koti la mume huyo, lenye kifungo kimoja chekundu kati ya vyeusi, limevaliwa na mtu asiyemjua, na lazima achague kuuliza au kunyamaza." Kile kifungo kilinijia chenyewe, nikajipongeza.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na upepo wa ziwa ulipopenya, shuka la sinema lilikuwa linaingia na kutoka kama kifua cha mtu aliyelala. Nikazisoma fraze moja moja, watu wakicheka na kupiga makofi (nilikuwa nasimama kidogo baada ya kila moja, ili wapate nafasi), hata nikafika ya Mama Feza. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, maana yeye alikuwa amesimama.

"Ile kifungo," akasema, "nani alikuambia?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Nilikishona ile asubui alienda. Kifungo nyeusi ilikosa, nikatoa moja ku robe, gauni yangu. Hakuna muntu aliona. Weye unakijua namna gani?"

Mashine ya Padri ilikuwa inavuma peke yake. Ningesema sijui, yangeisha pale. Lakini nilikuwa mbele za watu, na kravati shingoni, nikasema, "Mambo kama hayo yananijia tu, Mama."

Waliokaa karibu nami wakasogeza mabenchi mbali.

Jumatatu asubuhi nilifungua mlango niende kazini, nikakuta uani wanawake tisa wamesimama, wanane wameshika nguo: shati, kofia, soksi ya mtoto. Mama Feza alikuwa nyuma, mikono mitupu. Mama mzee nisiyemjua akanipa shati.

"Ya mutoto wangu. Shika, uniambie kama angali anapumua."

Nikalishika, kwa kuwa sikujua namna ya kukataa. Lilinuka sabuni, alikuwa amelifua kwa ajili yangu. Nikalirudisha, nikasema nachelewa, nikaenda mbio mbio, nao wakanifuata kupita mji mzima, watu wakitoka milangoni kututazama, mpaka mbele ya biro.

Nikajificha depo, ghala la biro, nyuma ya mizigo isiyo na wenyewe. Na pale, juu ya rafu, palikuwa na koti. Karatasi iliyobandikwa ilipigwa kwa mashine yangu: "Koti jeusi, kifungo kimoja chekundu. Behewa tupu." Chini yake, sahihi yangu. Niliiandika miezi mingi kabla, kati ya karatasi za magunia mawili, nikaisahau, kumbe haikunisahau mimi.

Sitawaficha: niliwaza kuliacha pale nikabaki mwonaji. Lakini kwenye kioo cha dirisha niliona vivuli tisa vimesimama, havisogei. Nikatoka nalo.

"Mimi siko mwonaji," nikawaambia. "Niko karani. Koti lilikuwa humu, nililisahau."

Mama mzee alikunja shati lake vizuri, kona kwa kona, akaondoka, na wengine wakamfuata. Mama Feza akalichukua koti.

"Nilikuja hapa mara mbili kuuliza," akasema. "Ulinijibu hakuna kitu. Haukuinua macho."

Akalivaa jua likiwa limeshapanda, mikono ya koti ikamfunika vidole, akaenda zake sokoni. Mumewe hakurudi. Padri alitengeneza filme ya Papa Kalenga, wanasema ilipendeza; mimi sikwenda kuiona.

Tangu siku ile, mtu akiniletea hadithi nimtengenezee, naweka kalamu chini kwanza, namtazama usoni, namuuliza: "Huyu muntu wa ndani ya hadithi, unamujua?" Akinyamaza, najua ni yeye mwenyewe, simgusii hata neno moja.