Seva Mbili, Faili Moja

Katika ofisi yetu ya Kirumba kulikuwa na kazi moja niliyoiogopa: ukurasa wa tahadhari za upepo ziwani. Manahodha huufungua kwenye simu kabla ya kuondoka. Na huku kwetu kuna mazoea yaliyonikera miaka yote: ukurasa usipofunguka, wanahesabu kuwa ziwa ni shwari. Kwao kimya ni ruhusa.

Asubuhi hiyo upepo mkali ulikuwa njiani, na ukurasa ukagoma. Mama yangu alikuwa Ukerewe, anasubiri boti ya mbao ya kuja Mwanza. Akanipigia, simu yangu ikaita mezani. Sikuipokea, nilikuwa nimeinamia kibodi nikitafuta kosa.

Ndani ya seva, yaani programu inayotoa ukurasa, kuna michakato mingi inayowahudumia wanaoufungua. Kila mmoja huandika hali yake, uko huru au una kazi, kwenye faili la pamoja, na mchakato mkuu husoma humo ujue kama inatosha au uongeze mingine. Nilipotazama, yote ilionekana huru, na hakuna hata mmoja uliokuwa unajibu.

Nikamuuliza mwenzangu jana aligusa nini. Akasema aliwasha seva ya pili kwenye kompyuta hiyohiyo, ya bei za samaki, na mipangilio aliinakili kutoka kwenye hii, yote kama ilivyo. Basi, seva mbili zilikuwa zinaandika kwenye faili moja, kila moja ikifuta habari za mwenzake, na mchakato mkuu ukadanganyika kuwa hakuna haja ya kuongeza mingine. Nilitamani kumzaba kibao, lakini hasira hasara.

Nikaipa ile ya pili faili lake, nikazizima zote, nikaziwasha upya. Ukurasa ukarudi na onyo lake jekundu. Nikampigia mama, hapatikani. Nikapiga tena nikiwa dirishani, maji yameshaanza kuchafuka, na niliogopa kama mtoto.

Mwishowe akapokea.

"Shikamoo mama. Mmeondoka?"

"Marahaba. Tuondoke wapi? Nimekalia kamba ya boti wasiifungue. Wamenisema mpaka wamechoka. Sasa hivi ndio nahodha kaona onyo lenu, katulia."

Nikamuuliza alijuaje kuna hatari, na ukurasa ulikuwa haufunguki.

"Mimi na kurasa wapi na wapi? Nilikupigia, hukupokea. Wewe hujawahi kuniacha niite bure, mwanangu. Nikajua kuna jambo."