Nguzo Niliyokataa Kuikata

Goli la netiboli la shule yetu, huko Newala, lilizidi kipimo halali kwa urefu wa mkono mzima, na kosa lilikuwa langu. Nilimwagiza fundi aongeze kipande cha kuzama shimoni, kumbe na yeye alishakiongeza bila kuniambia. Tuliposimamisha nguzo, walimu wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nilikuwa mwalimu mgeni, mtu wa kanda ya ziwa, na sikupenda kuchekwa. Mwalimu mkuu aliposema tulete msumeno, nikamjibu mbele ya wote kwamba nimefanya makusudi, ndivyo ninavyofundisha mimi. Uongo mtupu. Lakini ulishanitoka, na sikuwa mtu wa kurudi nyuma.

Mfungaji wangu alikuwa msichana wa darasa la sita kutoka Chilangala, mfupi kuliko wote. Mwanzoni mpira wake haukuifikia hata pete. Nikamfundisha kukunja magoti, kuurusha juu kabisa, kisha kuuacha udondoke wenyewe kama bibo lililoiva mkoroshoni. Alirusha kila asubuhi kabla ya kengele. Siku moja mama yake akaja shuleni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema moja kwa moja, "Mwanangu hawezi hata kutwanga, mikono inamuuma. Huo mti si ukatwe, mwalimu?"

"Subiri, mama, utaona," nikamwambia. Mwenyewe sikujua ataona nini.

Tulishuka Masasi kwenye mashindano. Kwenye goli halali mipira yake yote ilipita juu ya pete, tukafungwa vibaya. Afisa michezo akanijia uwanjani, watoto wakisikia: "Mwalimu, huyu mtoto umemharibu." Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Hata hivyo nguzo sikuikata. Kila Jumamosi nikawa nampeleka shule ya jirani yenye goli halali, namwambia asiusukume mpira mbele sana, ila juu aurushe vilevile. Mwaka uliofuata hakuna beki aliyeweza kumzuia pale Masasi. Mpira ulipita juu ya mikono yao yote, wakabaki kuutazama.

Alipokua, shirika moja la umma Dar es Salaam lilimpa kazi ya masjala ili aichezee timu yao. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilijaa sokoni Masasi, na mashirika yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine. La kwao nalo lilishatangazwa kuuzwa, wachezaji wakijua msimu ule ndio wa mwisho. Fainali ya ubingwa wa taifa niliisikiliza redioni. Mtangazaji alishangaa mfungaji mfupi namna ile anatupa mipira inayokwenda juu kama haina mpango wa kurudi. Goli la ushindi lilipoingia nilitoka nje nikapiga kelele, "Huyo wangu! Huyo nimemfundisha mimi!" Afisa michezo aliposema baadaye kwamba makocha wa Dar ndio waliomtengeneza, nilimwambia aje Newala aitazame nguzo yangu.

Miezi michache baadaye alirudi nyumbani, kazi imekwisha, mkononi ana medali. Alikuja kwangu, akanishika miguu, akanivisha medali ile shingoni. Akasema, "Nimewaambia watu wote kule, mwalimu wangu aliniona mfupi, akaniwekea goli refu makusudi."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeuficha ukweli miaka yote hiyo, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mama yake. Nikaivua medali.

"Sikufanya makusudi," nikamwambia. "Nilikosea kipimo. Nikaona aibu kuikata."

Aliitazama mikono yake. "Mikono iliniuma mwaka mzima, mwalimu."

"Najua. Nisamehe."

Aliichukua medali mkononi mwangu, akaivaa mwenyewe, akainyoosha vizuri kifuani.

"Basi hii ni yangu peke yangu," akasema.

"Yako peke yako," nikamjibu. Nilijivunia mwanafunzi wangu kuliko siku ile ya redio, na anayetaka kunicheka na anicheke.