Redio Iliyojifunza Kupiga Hodi

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na baba yako asikusikie ukiyarudia haya. Ni siku niliyosikia sauti yangu mwenyewe ikitoka juu ya mapaa ya soko la Mbale.

Vita vya kumtoa mtawala wa kijeshi vilikuwa vimekwisha karibuni. Hii redio unayoisikia leo, yenye mnara na leseni, wakati ule ilikuwa amplifaya moja, betri ya lori na spika nne zilizofungwa kwa waya juu ya maduka. Mwenyewe alikuwa Bwana Mafabi, fundi wa redio, Mgisu mwenye moyo mpana. Kila jioni alitangaza: nani kafiwa, chumvi imefika duka gani, nani anamtafuta ndugu aliyepotea katika kukimbia. Mji ulinyamaza kumsikiliza. Njaa ya habari nayo ni njaa.

Wiki moja akaletewa mtoto aliyeokotwa stendi ya mabasi, Zaituni, wa miaka mitano hivi. Alijua jina lake, na kwamba kwao ni Kimaka, penye kambi ya jeshi kule Jinja, na baba yake askari. Basi. Familia za askari walioshindwa zilikuwa zimehama Kimaka na kutawanyika, nyingine zimejificha hapahapa Mbale. Ikaamuliwa kwamba mama asipopatikana kufikia Ijumaa, gari la misheni litampeleka mtoto kwenye nyumba ya watoto, mbali. Siku zile, mtoto akishapelekwa huko, kumpata tena ilikuwa bahati.

Mtoto alijua Kiswahili tu, kwa hiyo Bwana Mafabi akatangaza kwa Kiswahili. Namsikia mpaka leo: "Wewe mama ya Zaituni! Kuja hapa halaka! Kuja na kitambulisho! Hapana jificha!"

Hakuja mtu.

Jumatano nyanya yangu, ambaye sisi Wanubi tunamwita haboba, akanishika mkono tukaenda dukani kwa Bwana Mafabi. Akaketi juu ya kreti ya soda, akapumua kwanza.

"Bwana Mafabi," akasema, "unamwita mama au unamkamata?"

Waliokuwepo wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka, akajikuna kichwa. "Mama, Kiswahili yangu ni hii tu. Walinifundisha pale kwenye kizuizi cha askari, na mwalimu alikuwa na bunduki."

"Najua. Ndiyo maana mwanamke mwenye mume askari akikusikia anaingia chini ya kitanda. Tafuta mtu mwenye Kiswahili cha jikoni." Akanigeukia mimi.

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Shuleni Kiswahili nilikuwa nimekificha kama upele. Wenzangu walikiita lugha ya wezi na wanajeshi, sisi Wanubi wakatuhesabu watu wa mtawala yule, na kijana mmoja alinipigia saluti kila nilipopita: "Jambo, afande." Basi nikashika Luganda na Kiingereza, na zaidi ya yote nikashika kimya. Nitakwambia kweli, nilikuwa mwoga hata wa kuomba chumvi mezani.

"Haboba, watanijua," nikanong'ona.

"Watajua nini? Kwamba wewe ni mjukuu wangu?" Hakupandisha sauti. Ndivyo alivyokaripia, taratibu, kama mtu anayepepeta mchele. "Lugha ni kisu, binti. Waliochinja nacho wamekwenda. Sasa sisi tusikate mboga? Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mama. Au mtoto huyu aondoke Ijumaa kwa sababu ya haya yako?"

Nikashika kipaza sauti. Sikujua watu wa redio huanzaje. Nikasema tunachosema mlangoni pa mtu.

"Hodi. Hodi wenye nyumba."

Upande wa ndizi mama mmoja akaitikia kwa sauti, "Karibu, lakini mbona hatukuoni?" Soko likacheka, nami nikapata pumzi.

"Mama Zaituni, habari za jioni. Mtoto wako yuko dukani kwa Bwana Mafabi. Amekula, ameoga, anakuulizia. Hapa hakuna askari. Mlango wa nyuma uko wazi. Kama huwezi kuja, mtume mtu unayemwamini. Tunakungoja, dada."

Kesho yake ajuza mmoja alikuja kununua betri, akamtazama mtoto sana, akaondoka bila betri. Jioni mwanamke aliyejitanda kanga mpaka machoni akasimama mlango wa nyuma. Siku zote hizo alikuwa mtaa wa Malukhu, hapahapa mjini, amejificha kwenye jiko la watu, na spika alizisikia tangu tangazo la kwanza.

"Nilidhani wamemshika mtoto ili wanipate mimi," alisema.

Zaituni hakulia. Alimuuliza mama yake mbona amechelewa, kisha akamwambia ale, kuna mihogo.

Tangu hapo Bwana Mafabi alianza kila tangazo kwa hodi, liwe la Lugisu au la Luganda. Watu walimcheka, wakazoea, wengine wakawa wanaitikia majumbani mwao. Miaka mingi baadaye, redio za watu binafsi ziliporuhusiwa, akasimamisha mnara, akanipa mimi kipindi cha Kiswahili. Hata leo naogopa kabla ya kusoma, kisha napiga hodi.

Nasikia nawe unataka kwenda kujifunza utangazaji. Nenda, mwanangu. Ila ujue, sauti huingia nyumbani kwa mtu bila kugonga. Humkuta anakula, anauguza, au amejificha. Basi ipigishe hodi, na useme na yule usiyemwona kama vile mmekaa mkeka mmoja. Lugha uliyopewa na mama yako usiifiche kwa kuwa kuna aliyeitumia vibaya. Ioshe, uirudishe kazini. Na ukiogopa, ogopa hivyohivyo, lakini sema.

Mungu akupe sauti ya kufunguliwa milango, na sikio la kumsikia anayejibu kwa sauti ya chini. Amina.