Mama Aliyekuwa Akiona Nyoka Kwanza

Mama yangu alikuwa mwoga, na kijiji chetu kizima cha Gehandu kilijua. Ukienda naye kuchota maji, usitegemee kufika haraka. Anasimama ghafla, anakushika mkono: "Subiri! Kuna kitu kwenye majani." Mimi sioni kitu. Nimemrithi baba, mtu aliyeweza kukoroma fisi wakizunguka zizi. "Mama naye!" namwambia. "Hicho ni kijiti tu." Mara nyingi kilikuwa kijiti kweli, tukamcheka mpaka basi. Ila mara mojamoja alikuwa nyoka kweli, kifutu, amejikunja vumbini anasubiri mguu wa mtu, na hapo kicheko kilikatika.

Baba alimtania kwamba amefanana na ng'ombe wetu mwekundu, yule aliyeshtuka hata akipitiwa na kivuli cha mwewe. Lakini ng'ombe huyo hakumuuza, wala ndama wake. Nao walishtuka vilevile, na wakishtuka wao, kundi zima linainua vichwa.

Binti yangu naye, tangu mchanga, mlango ukigongwa tu anaruka. Muuguzi wa zahanati, mgeni wa kutoka Tanga, aliniambia mambo haya kwa sehemu yamo kwenye damu: wako wanaozaliwa macho yao yakikimbilia hatari kwanza, kisha malezi yanaongeza au yanapunguza. "Usimkaripie," akasema. Nikacheka. Nimkaripie nini? Ni bibi yake kabisa.

Sasa mama ana ugonjwa wa kusahau. Kwanza yalipotea majina yetu. Hilo liliniuma, nikajikaza. Halafu, jamani, ukapotea woga. Anakaa karibu na moto mpaka kanga inaanza kuungua, naye ametulia tu. Watu wananiambia afadhali, amepumzika. Amepumzika nini! Mimi ndiye ninayechungulia kila saa, na macho yangu haya ya baba hayanisaidii kitu.

Juzi asubuhi alikuwa anaokota kuni nyuma ya nyumba. Nilikuwa hapo hapo karibu, napeta mahindi, sikuona lolote. Binti yangu ndiye aliyepiga yowe: "Bibi, acha! Nyoka!" Nilipogeuka, mkono wa mama ulikuwa umeshanyooka kumwelekea kifutu. Nilimvuta kwa nguvu mpaka tukaanguka wote wawili.

Mama akajipangusa vumbi. Akamtazama mjukuu wake anavyotetemeka, akacheka.

"Na wewe naye!" akamwambia. "Hicho ni kijiti tu."