Kijivu cha Mume Wangu

Sebule yetu ilipakwa rangi mara ya kwanza binti yetu mkubwa akiwa bado anatambaa. Ilikuwa nyeupe. Miaka ishirini na kitu ya moshi wa jiko, migongo ya wageni na mikono ya watoto wanne iliifikisha mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuitaja rangi yake. Karibu na dari weupe ulikuwa umebaki kidogo. Kuanzia usawa wa mabega kwenda chini, ukuta ulifanana na chai ya maziwa iliyosahauliwa kwenye kikombe. Mume wangu alipita hapo kila siku bila kuona shida yoyote, mpaka binti huyo alipotuambia kwamba watu wa mchumba wake watakuja kutoka Bomet kwa ajili ya koito, kile kikao cha posa ambapo pande mbili hukaa chini na kukubaliana. Wangekuja Jumamosi, baada ya wiki mbili.

"Lazima tupake rangi," akasema mume wangu, utadhani mimi ndiye niliyekuwa nikikataa miaka hiyo yote.

Tunaishi upande wa Kedowa. Yeye ni mkulima wa chai na mahindi kidogo. Mimi nafundisha shule ya msingi, na hata yeye huniita Mwalimu. Katika boma letu anaishi pia mama yake, ambaye watoto wanamwita Kogo, yaani nyanya, na mimi nimewafuata.

Nilipoenda Kericho mjini nilipitia duka la rangi wakanipa kadi ya kuchagulia, ile yenye vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja na namba yake. Nikaitandaza mezani baada ya chakula cha jioni. Mimi nilitaka krimu. Mume wangu alitaka kijivu, kwa sababu alikuwa amekaa katika sebule ya kijivu nyumbani kwa mchungaji wetu na akaona inampa mtu heshima. Kogo aliitazama kadi, akaigeuza upande wa nyuma uliokuwa mtupu, akaurudisha mezani ukiwa juu.

"Hii ndiyo rangi," akasema. "Nyeupe. Hizo zingine ni uchafu."

Tulibishana siku nne. Siku ya tano nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha na sikuwa na nguvu tena. Nikamwambia mume wangu, "Baba, weka kijivu. Lakini kiwe kijivu chepesi, nyumba isije ikawa kama ghala."

Alivaa miwani, akaipeleka kadi dirishani, akaisoma muda mrefu kama mtu anayesoma hati ya shamba. Kisha akachora alama ya kalamu kwenye kipande kimoja na kuikunja kadi mfukoni. Sikuomba kuona. Hilo ni kosa langu na nimelikubali.

Alhamisi alienda Kericho peke yake. Baadaye alinisimulia kwamba yule dada wa dukani alimwuliza kama rangi ni ya chumba cha mtoto. Akajibu kwa ukali kidogo kwamba ni ya sebule, na kwamba kuna wageni wa maana wanakuja. Yule dada akasema, "Sawa, mzee," akaweka namba kwenye mashine, mashine ikachanganya. Akarudi na ndoo mbili kubwa.

Ijumaa asubuhi niliondoka kwenda shuleni wakati fundi wa rangi, mtu mzima wa Kipkelion anayejulikana kwa kazi safi, anatandaza magazeti sakafuni. Ndoo zilikuwa bado zimefungwa.

Niliporudi jioni nilimkuta fundi nje akiosha brashi zake kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Shikamoo, Mwalimu," akaniamkia, jambo ambalo hajawahi kulifanya, maana tunalingana umri. Akarudi kwenye brashi.

Nikaingia. Sebule yangu ilikuwa pinki. Sisemi pinki ya kubahatisha, ile ambayo mtu anaweza kuitetea. Ilikuwa pinki ya keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa kike, kuta zote nne, mpaka kwenye kona. Katikati ya chumba alisimama mume wangu, mikono nyuma, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi kubwa.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona nini?"

"Kijivu."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikasubiri acheke. Hakucheka.

"Baba," nikasema polepole, "hii ni kijivu?"

"Kijivu kabisa. Kama wingu kabla ya mvua. Si ulisema kiwe chepesi?"

Nikatoka nje kwa fundi. "Wewe uliona hiyo rangi wakati wa kufungua ndoo?"

"Niliona."

"Ukasema nini?"

"Nilimwuliza mzee mara tatu kama ana uhakika. Akaniambia yeye ndiye aliyeichagua." Akakung'uta brashi. "Nyumba ni ya mwenyewe, Mwalimu. Hata nyeusi ningepaka."

Nilirudi ndani nikiwa na hasira, na maneno nilikuwa nimeshayapanga. Lakini niliposimama mbele yake nikaona uso wake. Alikuwa ameanza kuniangalia mimi, kisha ukuta, kisha mimi tena, kama mwanafunzi anayejua amekosea na hajui ni wapi. Uso huo nauona kila siku darasani. Hasira ikanitoka.

Nilikuwa na mkoba wa shule begani, na ndani yake pakiti ya penseli za rangi za darasa la pili. Nikazimwaga mezani. "Baba, hebu zipange hizi. Zinazofanana ziweke pamoja."

"Mimi ni mtoto?"

"Zipange tu."

Akaketi, akazipanga. Bluu akaiweka peke yake, na njano peke yake. Kisha akachukua penseli ya kijani na ya kahawia, akazilaza pamoja bila kusita. Ya pinki akailaza kando ya ile ya kijivu, akazisogeza zikae sawasawa.

"Hii moja imefifia kidogo," akasema, akigusa ile ya pinki. "Lakini ni ndugu."

Nikakaa chini. Miaka ishirini na mitano ya ndoa ikaanza kupita mbele yangu. Ile sweta ya kijani ya jeshi aliyoninunulia akisema ni kahawia kama ya dada yake. Soksi za Jumapili, moja hivi na nyingine vile, ambazo nilikuwa nikimgombeza kwa sababu nilidhani anavaa kwa haraka. Nyanya mbichi alizoniletea kutoka bustanini, mpaka nikaacha kumtuma.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nikwambie nini? Mimi nilifikiri watu wote wanakisia." Akaichukua penseli ya kijani. "Shuleni nilichapwa kwa kupaka ng'ombe rangi ya majani. Nikaona basi, rangi ni kitu cha kukariri, kama hesabu za kuzidisha. Damu ni nyekundu. Majani ni kijani. Nimekariri nyingi. Kijivu sikuwahi kuulizwa."

"Na chai je? Unachumaje chai?"

Akanishangaa. "Kwa vidole. Ile changa inavunjika yenyewe. Nani huchuma kwa macho?"

Wakati huo Kogo alikuwa ameingia, amekaa kwenye kigoda, amesikia yote. Hakuonyesha kushtuka hata kidogo.

"Baba yangu alikuwa hivyo," akasema. "Jioni alikuwa anarudi na ndama mwekundu wa jirani, anasema ni yule wake wa kijivu. Sisi watoto tunatumwa kumrudisha kabla mwenyewe hajaanza kupiga kelele."

"Kogo, na ulijua kwamba mwanao pia yuko hivyo?"

"Nilijua ni mkaidi," akajibu. Kisha akazungusha macho ukutani, polepole, pande zote nne. "Lakini hii ni nzuri. Inaleta joto."

Hakukuwa na muda wa kupaka upya. Jumamosi asubuhi binti yetu alifika kutoka Nakuru anakofanya kazi, akasimama mlangoni na begi lake, akasema, "Mama, nani amefanya hivi?" Nikamwambia ni baba yake, na nitamweleza. Akaenda jikoni akacheka mpaka machozi, halafu akarudi akamkumbatia baba yake, ambaye alikuwa amekaa akijaribu kuamua kama avae tai.

Wageni walikuja wanane. Waliingia, wakasalimu, na nilimwona kila mmoja akitazama juu, kisha pembeni, kisha viatu vyake. Wazee waliovaa suti nyeusi waliketi wakizungukwa na ile pinki kama nzi kwenye maziwa. Maombi yakafanyika. Kisha msemaji wao, mzee mrefu mwenye sauti ya taratibu, akasimama.

"Kabla sijasema lililotuleta," akasema, "naomba niseme nilichokiona. Tumekwenda nyumba nyingi kuomba wasichana. Kwingine hata hujui kama kuna msichana hapo. Hapa baba amempakia binti yake nyumba nzima. Huyu ni mtoto anayependwa. Tutamtunza hivyo hivyo."

Wageni wakapiga makofi. Mume wangu alinitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Nilimtikisia kichwa kidogo, kumwonya asijieleze. Akasimama, akakohoa, akasema, "Asanteni. Tulifikiria sana juu ya rangi." Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Mambo yalikwenda vizuri. Mahali pamoja tu nilijificha uso kwa leso: walipomweleza mume wangu kwa urefu habari za ng'ombe mmoja mwekundu wa mahari wanayejivunia, na yeye akaitikia kwa uzito, "Huyo nitamtambua."

Baada ya harusi nilimpeleka kliniki ya macho. Daktari alimfungulia kitabu chenye madoa madoa, akamwuliza anaona namba gani. Akasema haoni namba, na kwamba kitabu kimechapishwa vibaya. Akafunguliwa ukurasa mwingine. Akasema huo nao umeharibika. Daktari akatueleza kwamba amezaliwa hivyo, hakuna dawa, na si ugonjwa.

Tulishuka kwenye matatu barabarani, tukatembea kuelekea nyumbani katikati ya chai. Kisha akaanza kuniuliza. Udongo huu? Mwekundu, nikasema. Chai? Kijani, lakini ile changa ni kijani kingine. Ule mlima? Bluu kwa mbali. Gauni lako? Zambarau. Akaniuliza paa la kanisa, mdomo wa kuku, maua ya uani kwa jirani, na nikamjibu yote mpaka pumzi ikaniishia kwenye mwinuko.

Akasimama kunisubiri.

"Mwalimu," akasema kwa huruma kabisa, "nyingi hivyo mnazifanyia nini?"